Maktaba na Mkataba

Mwaka 2014 niliandika habari moja ambayo nikiikumbuka leo naona aibu kidogo. Nilikuwa mwandishi mchanga, chuo nimemaliza juzi tu, na mhariri alitaka habari ya maendeleo kutoka Meru. Nikapanda Hiace mpaka Usa River, nikachukua bodaboda kupandisha mlima hadi ofisi ya kikundi kimoja cha wakulima. Sitakitaja jina, maana mama yangu ni mwanachama na bado tunaamkiana na watu wa pale. Wanachama hupeleka maziwa asubuhi, msimu ukifika hupeleka kahawa, na mwisho wa mwezi wanalipwa. Miaka yote hesabu zilikuwa kwenye kaunta buku. Mwaka ule kijana mmoja aliwaandikia programu, akaiweka kwenye kompyuta ya ofisi, na katibu akawa anaingiza lita na kilo kupitia kivinjari. Nikaandika habari nzima kuaga kaunta buku. Wakaibandika ukutani. Kaunta buku zikapelekwa stoo, na panya wakafanya kazi yao.

Desemba 2021 umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ile haikuwaka tena. Takwimu zilikuwa salama, kwa sababu katibu alikuwa na tabia ya kunakili kila kitu kwenye flashi kila Ijumaa. Hata programu yenyewe tuliikuta humo, faili moja lenye mwisho wa .war. Kwa Kiingereza herufi hizo zinasomeka vita. Walioanzisha jina hilo walikusudia tu kumbukumbu ya kufungashia tovuti, lakini mimi niliyekaa siku tatu nikiangalia faili lile likigoma, naona jina lilikaa mahali pake. Kijana aliyeliandika alishaondoka nchini na namba yake haipatikani. Malipo ya Desemba yalikuwa hayajatoka. Januari shule zinafunguliwa, na kila nyumba pale mlimani ina sare za kununua, madaftari, michango. Mama alinipigia: "Si wewe ndiye uliyeandika kwamba mambo yamerahisishwa?"

Nikamwita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni fundi wa mifumo pale Sakina. Niliyoyajua wakati ule kuhusu Java yalikuwa machache: lugha ya kompyuta yenye jina la kahawa. Niliyoyajua baada ya siku tatu nimeona yanafaa kusimuliwa kwa watu wa vitabu, kwa sababu tatizo zima lilihusu maktaba. Na sisi tunadhani maktaba tunazijua.

Neno lenyewe kwanza. Maktaba, kitabu, katibu, katiba na mkataba yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuandika. Mtoto wa Arusha akisikia maktaba anaiona Maktaba ya Mkoa, rafu na ukimya. Mwandishi wa programu akisema maktaba anamaanisha kazi iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, ikafungwa kwenye faili, ili asirudie kuiandika yeye. Unataka programu yako itoe jedwali la Excel? Huanzi mwanzo. Unachukua maktaba ya mtu aliyeumiza kichwa kwa ajili hiyo miaka kumi, unaiita kwa jina, inafanya kazi. Sharti ni moja: ukiiita kwa jina fulani ikupe kitu fulani. Huo ni mkataba. Maktaba ikibadilika, ikapewa toleo jipya, mkataba nao unaweza kubadilika huku jina limebaki lilelile. Ugomvi wote unaanzia hapo.

Turudi nyuma kidogo. Java ilianza mwaka 1991 ndani ya kampuni ya Sun Microsystems huko California, James Gosling akiwa mbele ya kazi. Mwanzoni haikuitwa Java. Iliitwa Oak, yaani mwaloni, kwa ajili ya mti uliokuwa nje ya ofisi yake. Walipotaka kuitoa hadharani wakakuta jina hilo lina mwenyewe, kampuni nyingine imekwisha kulisajili. Ikabidi watafute lingine, na mwaka 1995 dunia ikatangaziwa Java, kikombe cha kahawa kikiwa nembo yake. Mzaha wa kahawa umeingia hadi ndani: kila faili la klasi la Java, ukilifungua kwa tarakimu za mashine, linaanza na alama nane zilezile, CAFEBABE. Kwa hiyo lugha hii ilipoteza jina lake la kwanza kwa sababu ya karatasi ya umiliki. Likumbuke hilo, litarudi.

Ahadi ya Java ilikuwa kwamba unaandika mara moja na programu inaendeshwa popote. Ahadi tamu. Mwaka 1997 ikaongezewa servleti, yaani vipande vya programu vinavyokaa kwenye seva na kujibu kivinjari. Mwaka 1999 Sun ikaikabidhi programu yake ya kuendeshea servleti kwa Apache, jumuiya ya watu wanaotoa programu bure, na ikazaliwa Tomcat, chini ya mradi wa Apache ulioitwa Jakarta. Java ni kisiwa, Jakarta ni mji uliopo kwenye kisiwa hicho. Jina hili nalo likumbuke.

Tomcat ni kama nyumba ya kupanga pale Mianzini. Mwenye nyumba anatoa paa, bomba la uani na umeme. Wewe mpangaji unaingia na masufuria yako. Faili la .war ndilo lori lako la kuhamia: ndani lina kurasa zako, klasi zako, na chumba kimoja kinachoitwa WEB-INF/lib ambamo unaweka maktaba zako, kila moja kwenye faili lenye mwisho wa .jar. Sasa swali: programu yako ikiita klasi kwa jina, itafutwe wapi kwanza? Chumbani kwako au uani kwa mwenye nyumba?

Swali hilo lina historia yake. Java toleo 1.2, lililotoka Desemba 1998, lilijibu kama wazee wetu wanavyojibu: mtoto aulize wakubwa kwanza. Kipakiaji cha klasi, yaani sehemu ya Java inayokwenda kuleta klasi inapoitwa kwa jina, kinamuuliza mzazi wake, mzazi anamuuliza babu, na wakisema hawana, ndipo mtoto anatafuta mfukoni mwake. Utaratibu mzuri wa usalama, kwa sababu hakuna mtoto atakayejifanya ndiye mwenye klasi za msingi za Java. Lakini kwenye nyumba ya kupanga unaleta balaa. Kama mwenye nyumba ana toleo la 2001 la maktaba fulani na wewe umekuja na la 2005, atapewa la 2001 kila anayeliita, na toleo lako litabaki chumbani bila kuguswa. Ndiyo maana kanuni za servleti toleo 2.3, za mwaka 2001, zilipendekeza kinyume: programu ya wavuti itazame chumbani kwake kwanza, isipokuwa kwa mambo ya msingi ya Java na ya servleti zenyewe. Tomcat inafuata hivyo. Wapangaji wawili wanaweza kuwa na matoleo mawili tofauti ya maktaba ileile na wasigombane.

Ukienda kinyume, Tomcat itakusomea sheria. Ukiweka chumbani kwako faili lenye klasi za servleti, ambazo ni mali ya mwenye nyumba, itakataa kulipakia na kukuandikia kwenye kumbukumbu zake ni kifungu gani cha kanuni umevunja. Mdogo wangu alicheka alipouona ujumbe huo siku ya kwanza. "Kaka, huyu jamaa aliyeandika hii kitu alihama na bomba la mwenye nyumba." Tiba yake ni nyepesi: kitu ambacho seva inakupa, usikibebe. Wanaotumia Maven, chombo cha kukusanya maktaba, hukiandika kuwa ni cha kutolewa na mwenyeji, na hakifungashwi kwenye .war.

Lakini huo ulikuwa utangulizi. Hatukuwa na hela ya leseni, kwa hiyo mashine mpya, ambayo ni ya mtumba, tuliiwekea Linux badala ya Windows. Mdogo wangu akaweka Tomcat mpya kabisa iliyokuwepo, toleo 10, akatupia faili, akawasha. Programu ikafa kabla ya kusimama. Ujumbe ulisema haijaonekana klasi ya javax.servlet. Jina hilo limekaa kwenye kila programu ya wavuti ya Java tangu miaka ya tisini. Ilikuwa kama kufika Mnara wa Saa katikati ya mji ukaambiwa hapajawahi kuwa na mnara.

Kumbe jina lilikuwa na mwenyewe. Januari 2010 Oracle ilikamilisha kuinunua Sun, na Java ikahamia kwa tajiri mpya. Mwaka 2017 Oracle ikatangaza kuikabidhi sehemu ya Java inayohusu seva kwa taasisi ya Eclipse Foundation. Mwaka 2018 jamii ikapiga kura ya jina jipya, ikachagua Jakarta EE. Hadi hapo harusi. Mei 2019 ikatangazwa kwamba makubaliano yameshindikana kuhusu neno javax: Oracle ilibaki nalo, na Eclipse isingeruhusiwa kuendeleza kitu chochote kipya chini ya jina hilo. Basi toleo la Jakarta EE 9, lililotoka Desemba 2020, likafanya jambo moja kubwa. Halikuongeza ufundi mpya wa maana. Lilifuta javax kwenye majina ya klasi zake na kuandika jakarta. Tomcat 10 ikafuata. Kila programu iliyokuwa imeandikwa kwa miaka ishirini iliyopita ikawa inaita jina ambalo nyumba mpya haiitikii.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ile, juu yangu kilele cha Meru kimeingia mawinguni, niliwaza kesi ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima huohuo, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakuinua mikuki. Waliinua mkataba. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mdhamini ana masharti, kwa hiyo mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuliambia Baraza la Udhamini kwamba Uingereza inavunja iliyoyasaini. Sifananishi machungu. Hakuna ng'ombe aliyekufa kwa ajili ya neno javax, hakuna mama aliyelala nje. Ila nilichojifunza kwenye hadithi ile, ambayo wazee wa kwetu huisimulia kama ya jana, ni kwamba kukitumia kitu miaka mingi hakukupi karatasi yake. Siku ya ugomvi huulizwi umekaa muda gani. Unaulizwa imeandikwaje.

Kwa mambo ya javax kulikuwa na njia mbili. Moja ni kuipitisha programu kwenye kibadilishaji ambacho jamaa wa Tomcat wamekitengeneza: kinaingia ndani ya .war na kugeuza majina ya zamani kuwa mapya. Nyingine ni kurudi Tomcat 9, ambayo bado inaongea javax. Mdogo wangu alichagua ya pili. "Programu ya mtu asiyepatikana, kaka, usiifanyie upasuaji kama dawa ya kumeza ipo."

Siku ya pili tukakwama kwenye Java yenyewe. Mashine ilikuwa na Java 11, na programu ya 2014 ilikuwa inategemea maktaba ya kusoma mafaili ya XML ambayo zamani ilikuja ndani ya Java bure. Ilipofika toleo 9 mwaka 2017 waliitangazia kustaafu, na toleo 11, mwaka 2018, likaiondoa. Yaani mwenye nyumba ameng'oa bomba la uani, kila mtu ajinunulie la kwake. Mdogo wangu akaipakua maktaba iliyokosekana, akaiweka kwenye WEB-INF/lib, akawasha upya. Ukurasa ukafunguka. Katibu akaandika namba ya uanachama, na jina la mama yangu likatokea na lita zake za Desemba, siku hadi siku. Tulipiga makofi. Mama alituletea loshoro kwenye bakuli kubwa, tukala tukijua kazi imeisha.

Haikuisha. Asubuhi ya siku ya tatu katibu alibonyeza kitufe cha kuandaa orodha ya malipo, ile inayotoka kama jedwali la Excel na kupelekwa benki, na programu ikatapika ujumbe mrefu. Ndani yake mlikuwa na neno NoSuchMethodError. Kosa hili ndilo moyo wa makala hii, kwa hiyo tulia nalo. Halisemi kwamba maktaba haipo. Linasema maktaba ipo, jina ni lenyewe, nimefungua, ila ile kazi uliyoniambia nikaiombe humu haimo. Kama kwenda rafu, ukatoa kitabu chenye jina sahihi na mwandishi sahihi, ukakuta sura ya saba uliyoelekezwa haijaandikwa. Toleo si lile.

Tukafungua WEB-INF/lib na kuanza kuorodhesha. Mafaili sabini na kitu. Na ndani yake, maktaba ya majedwali ilikuwemo mara mbili: toleo 3.9 na toleo 3.10. Kijana yule alipoboresha aliongeza jipya, akasahau kutoa la zamani. Kosa la kila siku, hata sisi waandishi tunatuma rasimu mbili kwa mhariri na kuomba Mungu achapishe ile nzuri.

Lakini mbona ilifanya kazi miaka saba? Hapo ndipo nilipovuta kiti karibu. Mashine ya zamani ilikuwa na Tomcat 7, na toleo lile lilipitia mafaili ya maktaba kwa mpangilio wa alfabeti. Java ikikuta klasi kwenye faili la kwanza haihangaiki na la pili. Sasa kwa hesabu ya binadamu 3.9 inatangulia 3.10. Kwa alfabeti ni kinyume, kwa sababu mashine inalinganisha herufi moja moja, na 1 iko kabla ya 9. Kwa hiyo toleo jipya lilisomwa kwanza, kwa bahati, miaka saba mfululizo. Kuanzia Tomcat 8 mpangilio huo haukuhakikishwa tena. Mafaili huja jinsi diski inavyoyatoa. Kwenye mashine yetu ya Linux diski ilitoa 3.9 mbele. Mwanzoni mdogo wangu hakuamini, akaiwasha Java kwa agizo la -verbose:class, ambalo huandika kila klasi na faili ilikotolewa. Mstari ulikuwepo pale: klasi ya majedwali, kutoka 3.9.

Akaitoa 3.9, akaiweka pembeni kwenye folda nyingine asiitupe, akawasha upya. Kitufe kikabonyezwa, jedwali likatoka. Siku tatu, na tiba ilikuwa kuhamisha faili moja.

Nimesimulia habari za kikundi kimoja kwa sababu ndiyo nilizoziona. Lakini programu za aina hii zimebeba mambo mazito zaidi kwetu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ulianzia kwenye safari ya madaktari kutoka Indiana kwenda Eldoret mwaka 2004, na mwaka 2006 ukaanza kutumika huko kwa wagonjwa wa Ukimwi. DHIS2, unaokusanya takwimu za afya, uliandikwa kwa Java kuanzia 2004 Chuo Kikuu cha Oslo kikiongoza. Kenya iliuwasha nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na Tanzania ikafuata, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa kati ya waliobeba kazi. DHIS2 nayo ni faili la .war linalowekwa kwenye Tomcat. OpenMRS ina moduli ambazo kila hospitali huongeza kadiri ya mahitaji, kwa hiyo waliipa kila moduli kipakiaji chake cha klasi, ili moduli ya maabara na moduli ya dawa zisinyang'anyane toleo la maktaba moja. Muuguzi anayejaza fomu ya mjamzito hajui lolote kuhusu hayo, na hapaswi kujua. Ila yupo mtu, mahali fulani, anayetakiwa kujua.

Dunia nayo ilikumbushwa mwezi uleule. Tarehe 10 Desemba 2021 lilitangazwa shimo la usalama kwenye Log4j, maktaba ndogo ya Java ambayo kazi yake ni kuandika kumbukumbu za matukio tu. Imo kwenye programu nyingi mno, mara nyingi ndani ya maktaba iliyo ndani ya maktaba nyingine. Mabenki, serikali na makampuni makubwa yakakesha yakiuliza swali tulilokuwa tunajiuliza kwenye benchi la Meru: humu ndani tumebeba nini? Waliokuwa na orodha walijua mapema wapi pa kuzibia. Wasiokuwa nayo walifukua faili kwa faili. Tulichungulia ya kwetu: ilikuwa Log4j ya toleo la kwanza, isiyo na shimo lile, lakini iliyostaafishwa tangu 2015. Ndiyo usalama wa mtu ambaye gari halijamgonga kwa sababu hajawahi kutoka nyumbani.

Wataalamu wamejaribu kuumaliza ugomvi huu kwa njia nyingi. Maven, tangu toleo la 2 la mwaka 2005, hufuata maktaba zinazovutwa na maktaba nyingine, na matoleo yakigongana huchagua lililo karibu zaidi na programu yako kwenye mti wa utegemezi. Yakilingana ukaribu, lililotajwa kwanza. Kama mirathi. Unaweza kuiambia ikuchoree mti wote kwa agizo la mvn dependency:tree, ukaona nani kamleta nani, ukamwondoa usiyemtaka, ukaandika wazi toleo unalolitaka. Java 9 ilileta moduli ili kila kifurushi kitangaze kinachotoa na kinachohitaji. Nimekuja kuona kwamba njia zote hizi, ukizivua nguo za ufundi, zinamwomba mtu jambo lilelile: andika. Andika unachotegemea, toleo gani, na kwa nini.

Kijana wetu hakuwa mzembe, nataka nimtetee. Programu yake ilihesabu lita sawasawa kwa miaka saba. Hakuacha tu karatasi. Na mimi niliyeandika kwamba karatasi zimepitwa na wakati ndiye niliyempa kikundi sababu ya kutomdai. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimsifu mtu kwa kuondoa kumbukumbu bila kuuliza kumbukumbu mpya anayejua kuisoma ni nani.

Malipo yalitoka wiki ya kwanza ya Januari. Mama alipokea zake, akanunua sare za wajukuu pale sokoni Tengeru, akanirudia na swali aliloliweka siku zote tatu. "Hivi lile daftari lilikuwa na ubaya gani?" Nikaanza kumweleza habari za kujumlisha, makosa ya mkono, muda wa katibu. Akasikiliza. Kisha akasema, "Sawa. Lakini daftari likikataa, nilikuwa najua limekataa nini."

Kabla hatujaondoka, mdogo wangu alimwomba katibu kaunta buku mpya. Akakaa mezani akaandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa ili mtu mwingine asome: Java toleo 11. Tomcat 9, usiweke 10. Maktaba iliyoongezwa na sababu yake. Maktaba iliyoondolewa, sababu yake, na mahali ilipowekwa. Kisha mafaili yote ya WEB-INF/lib, moja kwa mstari, kila moja na namba ya toleo lake. Ilichukua kurasa nne. Katibu akaweka tarehe, akagonga mhuri wa kikundi, akalifungia kabatini.

Habari yangu ya 2014 bado ipo ukutani, imepauka. Nilimwomba katibu anisaidie kuibandua. Akakataa, akasema inaziba ufa.